Sauti ya redio: dijitali inashinda FM kweli ao tunadanganywa? (uzi murefu kidogo)

fundi_wa_poste · Bukavu

Wandugu habari za mangaribi. Naleta hii maneno hapa juu ilianza kwetu nyumbani Kadutu ikawa fujo, na miye mwenye wananiita fundi nikashindwa kuikata siku ile ile.

Iko hivi. Yaya yangu mwenye anaishi Liège alimutumia mama poste ya zawadi, poste muzuri, ya mbao, iko na kaekrani mbele, imeandikwa DAB+, njo redio ya dijitali. Mama akaitia ku kuriant, poste ikaanza kutafuta, inahesabu, kumi, makumi tano, mia, kisha ikaandika: stesheni 0. Mama akaniita, "Sasa fundi, hii poste ya Wazungu imeshakufa?" Haikufa. Iko inatafuta kitu chenye huku kwetu hakiko. Nikafinya kabutoni, ikaingia FM, stesheni zikatoka zote, za kwetu na za ng'ambo ya Ruzizi pia.

Yaya kusikia hivyo akacheka. Anasema FM ni mambo ya kitambo, dijitali ni sauti safi sawa CD. Na kusudi atuhakikishie, akatia telefone mbele ya poste yake kule akarekodi, akatuma vokali ku WhatsApp. Jameni! Sauti itoke ku emeta, ipite mu hoparleri ya poste, ingie mu mikro ya telefone, WhatsApp iifinye, itoke tena mu kahoparleri ka telefone ya mama yenye ilishaangukaka mu maji, halafu miye nihukumu. Ni kuonja sambaza kwa kuangalia picha.

Lakini ile neno "sawa CD" ilinikaa mu kichwa. Juu CD inajulikana: sampuli 44,100 kila sekunde, biti 16 kila sampuli, kushoto na kuume, ukihesabu yote inakuwa kilobiti 1,411 kwa sekunde. Stesheni ya DAB+ inapewaka ngapi? Mingi ziko ku 64, ku 72, ku 96. Sasa hiyo "sawa CD" inatoka wapi, wakati imebakia kama biti moja kwa kila makumi mbili? Ni kweli hawatupi ovyo, kodeki, ile programu yenye inafinya sauti, iko na akili, inatupa vile masikio hayangesikia, juu sauti kubwa inafunika ndogo yenye iko karibu nayo. Lakini kutupa ni kutupa.

Na FM, yenye wanaizarau, inabeba sauti mupaka hertzi 15,000. Hapo juu yake, ku 19,000, kuna kaalama kenye kanaambia poste "hii ni stereo". Kutoka 15,000 kwenda 20,000 kuna kitu kidogo sana cha muziki, na muzee wa miaka 60 mara mingi ata huko 15,000 hafikake tena. Linganisha na mawimbi mafupi yenye papa alikuwaka anasikiliza usiku: pale sauti inakatwa karibu na 4,500. Njo maana mutangazaji alikuwa anasikika kama yuko anasemea ndani ya bidon.

Kwa hiyo swali langu, na mulijibu kwa adabu: kwa SAUTI tu, si kwa mambo ya kuona jina la wimbo ku ekrani, nani anashinda?

---

mwana_nguba

Dijitali. Uzi umekwisha 😂

Ila serieux, grand, umesahau kitu kimoja. Munaishi Kadutu ao hapana? Huko FM iko namna gani? Miye huku Nguba nikitia poste ku dirisha stesheni inatoka vizuri, nikiisogeza hatua mbili kuelekea mulango inaanza "shshsh", hatua ingine tena na inaingiliwa na stesheni ya upande wa pili, mutangazaji wetu anasoma habari na nyuma kuna kwaya ya Kinyarwanda. Hiyo njo sauti nzuri? Dijitali haina "shshsh". Ikishika imeshika, nyuma ni kimya kabisa. Norvege walizima FM ya stesheni kubwa zote 2017, inchi ya kwanza ya dunia, na ile inchi ni milima na mabonde sawa siye. Kama ingekuwa mbaya wangefanya vile?

---

muzee_transistor

Vijana shikamoni kwanza, mujifunze kusalimia.

Miye nilianza kusikiliza poste wakati mabuye ya poste yalikuwa yanaanikwa ku jua kusudi yaongeze nguvu kidogo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, Sauti ya Ujerumani, ku mawimbi mafupi, saa ya mangaribi. Sauti ilikuwa inaenda inarudi, inaenda inarudi, kama mutumbwi ku ziwa, juu ile wimbi ilikuwa inagonga ku anga kule juu na anga haitulii. Lakini sikilizeni vizuri: ata ikienda, MANENO yalikuwa yanabakia. Ungesikia "waziri ... Kinshasa ... kesho" na ungeelewa. Sikio la mutu linajua kutafuta maneno ndani ya kelele, Mungu ndiye alilitengeneza hivyo. Hiyo dijitali yenu wanasema ikipungukiwa inanyamaza kabisa. Sasa siku ya habari kubwa ikinyamaza?

---

fundi_wa_poste

@muzee_transistor shikamoo muzee. Hapo umegusa kitu chenye watu hawakiongeleake. Swali si paka sauti iko namna gani ikiwa nzuri, ni INAHARIBIKA namna gani.

Analogi inaharibika polepole. Unaenda mbali na emeta, uvumi, ile "shshsh", unapanda kidogo, unapanda tena, mupaka unachoka unafunga. Dijitali iko safi, iko safi, iko safi, halafu hakuna. Kama ukuta wa Ruzizi pale, unatembea ku barabara kisha ni chini. Zile DAB za kwanza, za Uingereza za 1995 na kuendelea, zenye zilitumia kodeki ya kitambo ya MP2, mbele ya kufa zilikuwa zinafanya mulio wa matope yanachemka, blubu blubu blubu, watu wa kule walizoea kuuita hivyo hivyo. DAB+ yenye ilitoka 2007 inavumilia zaidi, lakini ikifika ku mwisho inakata vipande vipande kisha kimya.

@mwana_nguba na ile shida yako ya dirisha, mbele ya kulaumu FM fanya hivi: tafuta kabutoni ka mono, sauti moja bila kutenga kushoto na kuume. Stereo ya FM inakula sana, inataka sinyali yenye nguvu mingi kupita mono, na kama sinyali ni dhaifu uvumi wake unaongezeka kama desibeli 20 hivi. Niliifanya jana kwa jirani. Kale ka taa ka stereo kalikuwa kanawaka kanazima, kanawaka kanazima, na kila kakiwaka "shshsh" inarudi. Nikafinya mono, uvumi ukaenda. Jirani anadhani nilibadilisha pièce ndani, akataka kunilipa. Nilichukua.

---

enjenyeri_mudogo

😂😂 fundi mutakatifu

Naongeza juu ya milima, juu njo somo langu. Ile ya kusogeza poste hatua mbili sauti inabadilika, mara mingi si nguvu kidogo, ni mwangwi. Wimbi linakufikia moja kwa moja na lingine limegonga kilima kwanza, limechelewa mikrosekunde kidogo, yanakutana mu antene yanapigana. Ku FM hiyo inatoka kama sauti imekwaruza, zaidi ku ma "s" na ku vinanda, ata kama sinyali ina nguvu kubwa. Hakuna mono ya kuponyesha hiyo moja kwa moja, ni kugeuza antene tu.

DAB waliitengeneza juu ya hiyo shida. Inagawa data ku vibebeo 1,536 vidogo, kila kimoja kinaenda polepole, na kati ya alama moja na ingine kuna nafasi ya mikrosekunde 246 ya kungojea mwangwi upite. Kwa mikrosekunde 246 wimbi linatembea karibu kilometa 74! Kwa hiyo mwangwi wa kilima cha hapa kwetu haufanyi kitu, tena unasaidia. Njo inaruhusu pia ma emeta mingi kutumia frekansi moja inchi nzima bila kugombana. Kwa hiyo @mwana_nguba ana haki nusu: kwa muji kama Bukavu, wenye mabonde na rasi zenye zinaingia mu ziwa, dijitali ingekuwa na kazi ya kufanya. Mulima si adui yake.

Lakini muzee naye ana haki.

---

kasongo_wa_lshi

Huku Lubumbashi ni pa tambarare, hiyo mwangwi yenu hatuijue. FM yangu iko safi. Shida ya huku ni mashaji za telefone na ma ampule ya bei ya chini, mutu akiwasha tu AM imekwisha, ni "ngrrrr" paka hiyo. Ku FM inapunguka sana.

Na pia nauliza, kuna ule rafiki yangu wa madisko ya kitambo anasema dijitali inakata sauti kama ngazi, analogi ni mustari ulionyooka, kwa hiyo ata ikiwa na biti mingi gani haiwezi kufika. Ni kweli?

---

enjenyeri_mudogo

Hapana. Mwambie rafiki aache. Ile picha ya ngazi wanaichora ku vitabu kusudi mwanafunzi aelewe sampuli ni nini, lakini mbele sauti itoke ku hoparleri kuna filta yenye inairudisha mustari ulionyooka. Ukichukua sampuli zaidi ya mara mbili ya hertzi ya juu kabisa yenye unataka, unairudisha yote. Ku 44,100 unafika zaidi ya 20,000. Ngazi haiko. Dijitali ikiwa mbaya, si juu ya ngazi, ni juu ya kufinywa.

Tena hiyo analogi yenye mnaisifu iko inacheza na sauti pia. FM inapandisha sauti za juu mbele ya kutuma, poste yako inazishusha, njo gisi inapunguza uvumi. Matokeo yake, wimbo wenye masimbali makali unagonga ku dari, mashini inaufinya. Hakuna mwenye mikono misafi hapa.

---

mama_bagira

Miye naomba kuuliza, hiyo dijitali inakula mabuye ngapi? Juu kuriant ya huku munaijua.

---

fundi_wa_poste

Mama, inakula mingi kupita FM, juu ndani ni kompyuta ndogo yenye inafungua hesabu bila kupumzika. Ka poste ka FM kadogo kanaweza kwenda siku mingi na mabuye mbili.

Sasa niache niseme kile nilitaka kusema toka mwanzo, juu wote munaongea kama FM ya Bukavu ni analogi. Sivyo!!

Nilifanya tekiniki miaka minne mu redio moja ya hapa, sitaitaja. Wimbo unatoka wapi? Mutu ameutoa ku YouTube kwa telefone, imeugeuza MP3 ya 128, ameutuma ku WhatsApp, animateri ameutia ku fleshi, kompyuta ya studio imeufungua, mikseri, kisha prosesa yenye inasukuma kila kitu juu kusudi redio yetu isikike na nguvu kupita ya jirani, kisha kiunganishi cha kupandisha sauti ku kilima, kisha emeta. Ni kipande cha mwisho TU njo analogi. Yote ya mbele ni dijitali, tena dijitali yenye imefinywa mara mbili ao tatu. MP3 ya 128 mara mingi inakata karibu 16,000, FM inakata 15,000, kwa hiyo ata ukiwa na masikio ya popo hakuna kitu cha kusikia kule juu.

Na kufinya mara mbili ni kubaya kupita kufinya mara moja. Kodeki ya kwanza inatupa vile inadhani hausikii. Ya pili inakuta sauti yenye imeshachunwa, inachuna tena, na sasa inagusa nyama. Ukitia kitu kama hicho mu DAB+ ya 48 utasikia masimbali yanageuka kama mafuta ya kukaanga na makofi ya watu mu salle yanakuwa mvua ku mabati. Ukitia ile ile ku FM, FM haiongeze jeraha ingine ya namna hiyo, inaongeza tu uvumi wake.

Siku moja usiku mu studio tulikuwa watu wanne, hakuna matangazo, nikatwaa rumba moja kutoka CD ya kweli, nikaitengeneza mara tatu: ya CD yenyewe, ya MP3 128, na ya HE-AAC ku 48, ile familia ya kodeki yenye DAB+ inatumia. Nikawapigia bila kuwaambia ni ipi. Ku sauti ya mutu mwenye anaongea, hakuna aliyetofautisha. Hakuna. Ku gitaa ya solo, wawili walisita. Ku masimbali na ku maraka wote watatu walionyesha ile ya 48 mara moja, mumoja akasema "hii ni kama mutu anapanguza mwiko ku sufuria". Lakini walioisikiliza ku hoparleri ya poste ndogo mu cafeteria kesho yake? Zote tatu sawa. Poste yenyewe iko na hoparleri ya ukubwa wa kikombe, inatofautisha nini?

Kwa hiyo jibu langu, mulikubali ao mukatae: ukiniuliza analogi ao dijitali, nakuuliza kwanza biti ngapi, na nini kimeingia ku mashini. DAB+ ya 128 yenye imelishwa CD, ku hali nzuri, inashinda FM, na miye mwenyewe ningeichagua, hakuna uvumi, hakuna mwangwi. DAB+ ya 48 yenye imelishwa YouTube, nipe FM yangu na "shshsh" yake.

---

mwana_nguba

Sasa kama 128 inashinda, wape 128 wote, shida iko wapi?

---

enjenyeri_mudogo

Shida ni hesabu. Emeta moja ya DAB haibebi stesheni moja, inabeba kapu nzima. Kapu inaingia kama kilobiti 1,152 ukiweka ulinzi wa kawaida. Gawa kwa 128, stesheni 9. Gawa kwa 64, stesheni 18. Sasa wewe ni mwenye kapu na kila stesheni inakulipa kiti, utatia abiria 9 ao 18? Umeshapanda taxi ya kwenda Essence?

---

kasongo_wa_lshi

Wane nyuma, wawili mbele na dereva, na kuku 😂 nimeelewa

---

muzee_transistor

Na redio ndogo za jumuiya, zile za ma vijiji, zitapata kiti gani mu hiyo taxi? Redio Maendeleo ilianza hapa 1993 na emeta yake. Mutu mwenye emeta yake ni bwana wake.

---

fundi_wa_poste

Muzee hapo tunatoka ku sauti tunaingia ku siasa, lakini ni kweli. Kuna ile dijitali ingine, DRM, yenye inaweza kutumia ata mawimbi mafupi na ya kati, stesheni moja ku emeta yake. Sijaisikia kwa masikio yangu kwa hiyo sitaisifu. Ila ku mawimbi mafupi ukilinganisha na ile bidon ya papa, ata kilobiti 20 hivi zikiingia vizuri maneno yanasikika bila kwenda na kurudi.

Na jambo la mwisho kabla ya kulala, kuchelewa. Mnakumbuka CAN, kombe la Afrika la mupira, 28 janvier 2024, siye na Misri, mapenalti? Ku parcelle yetu kulikuwa poste ya FM kwa mama, na kijana wa mulango wa pili alikuwa anasikiliza redio ku intaneti, anasema sauti yake ni safi kupita. Kipa wao akagonga mutambaa. Mpasi, kipa wetu, akaenda kupiga yeye mwenyewe. Kwa mama ikaingia, 8 kwa 7, parcelle nzima ikalipuka, watu wanabebana. Yule kijana alikuwa bado amekaa, ameshika telefone ku sikio, anatuangalia tu, kwake Mpasi alikuwa bado anapanga mupira. DAB haichelewi hivyo, ni masekunde kidogo tu, lakini ukitia poste mbili mu nyumba moja, moja FM moja dijitali, utasikia mutangazaji anajirudilia kama mulevi.

---

mama_bagira

Hiyo siku nilipoteza kiatu kimoja.

---

mwana_nguba

Ok grand nimetia mono. "Shshsh" imeenda kweli. Kwaya ya Kinyarwanda imebakia.

---

fundi_wa_poste

Hiyo kwaya nimekuachia, geuza antene ielekee upande wa Kadutu.

---

kasongo_wa_lshi

Na poste ya Liège je? Mulifanya nini nayo?

---

fundi_wa_poste

Iko ku etajeri ya mama, inapiga FM, tena kwa ile sanduku yake ya mbao sauti iko muzuri kabisa, nzito, yaya alinunua kitu cha maana bila kujua. Shida ni moja tu. Ilitengenezwa ianzie ku dijitali kila mara ikipoteza kuriant, na kuriant ya huku inaendaka mara tatu kwa siku. Kwa hiyo usiku saa kenda ikirudi, poste inajiwasha yenyewe mu giza, taa ya bulu, inaanza kutafuta, inahesabu mupaka mia, inaandika stesheni 0, inarudilia. Mama amekataa nisiitengeneze. Anasema muiache, iko inaomba.